Leso Hii ni Pamba ya Nani?

Mnunuzi wa leso katika Barabara ya Biashara, Mombasa, ni mtu mgumu kudanganywa. Huikunjua, akasoma jina, akatazama kama pindo limelingana pande zote, kisha akaiinua kwenye mwanga aone nyuzi zimeshikana vipi. Akishaiona, huibana kwa vidole ajue kama uzito anaouhisi ni wa kitambaa au ni wa wanga utakaotoka leso ikifuliwa mara ya kwanza. Kina mama wa Mji wa Kale wamerithishana ujuzi huu kwa vizazi, na hakuna mkaguzi wa kiwanda anayewapita katika kuikadiria nguo ya pamba kwa mkono.

Lakini liko swali ambalo hata wao hawaliulizi, na wakiliuliza hawatajibiwa: pamba hii ilipandwa wapi, na nani, na kwa dawa gani? Muuzaji hajui. Mwagizaji aliyeileta kutoka India hajui. Hata aliyeichapa huenda hajui, kwa kuwa alinunua kitambaa cheupe kilichofumwa kwa uzi wa mchanganyiko, na uzi huo ulisokotwa kwa marobota ya misimu na mikoa tofauti. Kila mkono uliipokea mali ikiwa tayari imeshapoteza kumbukumbu ya mkono uliotangulia.

Hapo ndipo mjadala wa pamba hai unapopaswa kuanzia. Tumezoea kuuanzia shambani, kwa picha ya mkulima, samadi na shamba lisilonyunyiziwa sumu. Shamba ni muhimu, nami nitafika huko. Ila uhai wa pamba hai huzaliwa shambani na kulindwa au kupotezwa baada ya hapo: kwenye kinu cha kuchambulia, kwenye kiwanda cha kusokota uzi, kwenye mitambo ya kufuma, kwenye mapipa ya rangi. Afrika Mashariki imeshathibitisha kwamba inaweza kulima pamba hai. Inachokosa ni katikati ya mnyororo. Na hakuna mji wenye sababu nzuri zaidi ya kulisema hili kuliko Mombasa, mji ambao kwa zaidi ya karne moja umeipitisha pamba ikienda na nguo ikija, bila ya kuishika kazi iliyo baina ya hizo mbili.

Pwani iliyosokota na kufuma

Haikuwa hivyo daima. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipofukua Shanga, katika kisiwa cha Pate, na Kilwa, upande wa kusini, walikuta vigurudumu vya kusokotea uzi, vingine vikiwa vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alizikuta nguo zilizofumwa huko zikisafirishwa hadi Misri. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwataja Waislamu wa Sofala waliofuma pamba yao nyeupe. Kwa kuwa hawakuwa na rangi, waliyafumua mavazi ya buluu yaliyotoka Cambay, Gujarat, wakazifuma upya nyuzi zake pamoja na zao. Kwa hiyo kilimo cha pamba, usokotaji, ufumaji na hata kuzitumia tena nyuzi za zamani vilikuwa kazi za pwani hii kabla ya kuwa na kampuni yoyote ya kuvipa vyeti.

Kilichobadilisha mambo ni wingi na bei. Nguo za Gujarat zilikuwa zimeshazoeleka, kaniki ikiwa mojawapo. Kisha ikaja merikani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, meli za Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar shehena za kitambaa cheupe kigumu kilichofumwa katika viwanda vya New England. Kutoka Zanzibar kilienea pwani nzima na kuingia bara pamoja na misafara, kikawa vazi na kikawa pia fedha: pembe za ndovu zilinunuliwa kwa merikani, na watu wakanunuliwa kwa merikani.

Pamba ya kitambaa hicho ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Mtumwa wa Alabama alichuma, kibarua wa Massachusetts akafuma, na nguo ikaishia kumnunua mtumwa mwingine katika bara la Afrika. Hakuna aliyeivaa hapa ambaye angeweza kuyajua hayo kwa kuishika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata biashara hiyo, viwanda vya Bombay hatimaye vikaichukua nafasi hiyo.

Nimeirejea historia hii kwa sababu moja. Nguo huficha ilikotoka kuliko bidhaa nyingine yoyote tunayoigusa kila siku. Samaki huonekana ni wa bahari gani na embe huonekana ni la wapi, lakini pamba ikishakuwa uzi haina sura ya nchi. Kwa hiyo dhuluma au madhara yaliyotendeka mwanzoni mwa mnyororo hayaonekani mwishoni, isipokuwa kuwe na watu waliopewa kazi ya kuandika na kutunza kumbukumbu kila mali inapobadilisha mikono.

Leso nayo ilikulia katika soko hilohilo. Nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, ambayo chapa yake ya Mali ya Abdulla inajulikana pwani nzima, ilianza Mombasa mwaka 1887. Mombasa ilitoa ubunifu, maneno, rangi na jicho la kujua kipi kitauzika. Uchapaji ulifanyika ng'ambo, Ulaya, kisha Japani, kisha India na Uchina. Wakati huohuo reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu 1901, na miaka miwili baadaye Borup wa Uganda Company akagawa mbegu za pamba kwa wakulima wa Uganda. Kabla ya vita vikuu vya kwanza pamba ilikuwa zao kuu la Uganda la kuuza nje, na njia yake ilikuwa Mombasa. Allidina Visram, ambaye jina lake bado liko kwenye shule maarufu ya kisiwani, alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara walioingia katika uchambuaji wa pamba hiyo. Marobota yalishuka kwa reli yakapakiwa melini. Nguo zikapakuliwa kutoka meli za aina hiyohiyo. Ukoloni uliipanga biashara hivyo kwa makusudi, na uhuru haukuipangua kabisa.

Meatu na Lango zinatufundisha nini

Pamba hai ina masharti yaliyo wazi. Mkulima hatumii mbolea ya chumvichumvi wala viuatilifu vya viwandani, na hapandi mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Shamba lililokuwa likitumia kemikali hupitia kipindi cha mpito cha miaka miwili hadi mitatu kabla ya mazao yake kukubaliwa kuwa hai. Katika kipindi hicho mkulima anabeba gharama za kilimo kipya akiwa bado analipwa bei ya zamani. Pamba hai ni sehemu ndogo sana ya pamba ya dunia, takriban asilimia moja na kitu, na wazalishaji wakubwa ni pamoja na India, Uturuki, Uchina na Kirigizia. Tanzania imo katika orodha hiyo, na ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa barani Afrika.

Mfano wa karibu zaidi uko Meatu, mkoani Simiyu. Mwaka 1994 kampuni ya Remei ya Uswisi ilianzisha huko mradi wa bioRe, ikiwa imetangulia kuanza kazi kama hiyo katika jimbo la Madhya Pradesh, India. Utaratibu wake ni rahisi kueleza ingawa ni mgumu kuutunza: wakulima wadogo wanasajiliwa, wanafundishwa, wanakaguliwa, na wanahakikishiwa mnunuzi pamoja na nyongeza ya takriban asilimia 15 juu ya bei ya soko. Usukumani, ambako Meatu iko, ni nchi ya mifugo, kwa hiyo samadi ipo. Dhidi ya funza wa vitumba, adui mkubwa wa pamba, wakulima hupanda alizeti kati ya mistari ili kuwavutia wadudu wanaokula wadudu, na hupulizia dawa zinazotengenezwa kwa mimea kama mwarobaini.

Uganda ilianza mwaka huohuo wa 1994 katika eneo la Lango, ulipo mji wa Lira. Huko wakulima waliwatumia chungu wadogo weusi wanaowaita nginingini, wakiwavutia mashambani ili wale mayai na viwavi wa funza wa vitumba. Ujuzi huo haukuletwa na mtaalamu; wenyeji walikuwa wanaujua, na mradi ukaupa thamani ya soko.

Watetezi wa kilimo hai huwa na tabia ya kuficha upande mgumu, na kwa kufanya hivyo humkosea mkulima. Mavuno ya miaka ya mwanzo hupungua. Jaribio la muda mrefu la taasisi ya utafiti ya FiBL huko Madhya Pradesh, lililoanza 2007, lilionyesha pamba hai ikitoa mavuno kidogo kuliko ya kemikali hapo mwanzo, huku gharama za mkulima zikiwa chini kiasi cha kuzisogeza karibu faida za pande mbili. Tafsiri yake kwa mkulima wa pwani ni hii: anayenunua dawa kwa mkopo ana cha kupoteza mvua ikigoma, na anayelima bila mkopo wa dawa hulala vizuri zaidi msimu mbaya. Ila palizi ni nyingi, samadi ni nzito kubeba, na mwili unaofanya kazi hiyo kwa kawaida ni wa mwanamke. Mpango wowote wa pamba hai usiohesabu jasho hilo katika bei umeanza kwa dhuluma.

Lango inafundisha jambo jingine pia. Mwaka 2008 serikali ya Uganda ilipulizia DDT ndani ya nyumba katika wilaya za Apac na Oyam ili kupambana na malaria. Wafanyabiashara wa mazao hai waliogopa masalia ya dawa yataingia katika pamba na ufuta unaohifadhiwa ndani ya nyumba hizohizo, na suala likafika mahakamani. Malaria huua, na hakuna anayeweza kumlaumu waziri wa afya kwa kutaka kuizuia. Lakini mambo mawili yasiyokaa pamoja yalikuwa yamepangwa katika kijiji kimoja, na hakuna aliyeketi kuyapatanisha mapema. Mkulima hawezi kuulinda uhai wa pamba yake peke yake.

Hesabu ya pea moja ya leso

Tufanye hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuirudia mezani kwake. Pea ya leso ni vipande viwili, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban mita moja na nusu na upana wa mita moja na kidogo. Hiyo ni kama mita 3.3 za mraba. Kitambaa cha wastani cha leso kikiwa na gramu 110 kwa mita ya mraba, pea nzima ina gramu 360 hivi za pamba. Uchafu na nyuzi fupi hupotea wakati wa kusokota, kwa hiyo zinahitajika gramu 420 za pamba nyuzi. Katika kuchambua, theluthi moja tu au zaidi kidogo ya pamba mbegu ndiyo nyuzi. Iliyobaki ni mbegu. Basi pea moja inahitaji takriban kilo moja na robo ya pamba mbegu.

Tuseme mkulima analipwa shilingi 60 za Kenya kwa kilo. Sehemu yake katika pea hiyo ni shilingi 75. Tukimwongezea asilimia 15 ya pamba hai, nyongeza yote ni shilingi 11 na senti. Pea ya leso nzuri inauzwa Mombasa kwa mamia ya shilingi. Kwa hiyo kumlipa mkulima ili asitie sumu ardhini hakuwezi kuwa ndiko kunakoifanya nguo hai iwe ghali. Mnunuzi aliyeambiwa kwamba pamba hai ni anasa ya Wazungu ameambiwa nusu ya habari.

Gharama iko katikati. Pamba hai haipaswi kukutana na pamba nyingine. Kinu kinachochambua aina zote mbili lazima kisafishwe kabla, na marobota yatengwe na kuandikwa. Kiwanda cha kusokota lazima kisimamishe mitambo, kikaisafisha, kikaendesha mzigo wa pamba hai peke yake, na kikauweka uzi huo mbali na mwingine. Kusimamisha mitambo kwa ajili ya tani mia moja kunawezekana. Kuisimamisha kwa ajili ya tani mbili ni hasara. Kisha kuna wakaguzi na vyeti katika kila hatua. Gharama hizi karibu zote hazibadiliki mzigo ukiwa mdogo au mkubwa, kwa hiyo humwelemea mdogo na kumpitia mkubwa kwa wepesi.

Kiwango kinachotumika zaidi duniani, GOTS, kinataka nguo inayouzwa kwa jina kamili la hai iwe na nyuzi hai zisizopungua asilimia 95, na kwa daraja la chini yake asilimia 70. Hakiishii kwenye nyuzi. Kinakataza rangi na kemikali zenye sumu, kinadai maji machafu ya kiwanda yasafishwe, na kinaweka masharti ya haki za wafanyakazi. Hili ni sahihi kabisa, maana pamba iliyolimwa kwa usafi Meatu kisha ikatiwa rangi katika kiwanda kinachomwaga maji yake mtoni imehamisha tu madhara kutoka kwa mkulima hadi kwa watu wa kando ya mto.

Vyeti navyo vina udhaifu. Mwaka 2020 wasimamizi wa GOTS walifichua kwamba huko India tani 20,000 za pamba zilikuwa zimepitishwa kama pamba hai kwa hati za kughushi, na kampuni kadhaa zikafungiwa. Makosa hayo yalitendeka kwenye makaratasi, katikati ya mnyororo, na si mashambani. Mnyororo unapokuwa mrefu na kila hatua iko nchi nyingine, karatasi ndiyo shahidi pekee, na karatasi hununulika. Mnyororo mfupi, ambao kinu, kiwanda na duka viko ndani ya safari ya siku moja au mbili, unaweza kukaguliwa kwa macho. Hiyo ndiyo faida kubwa ambayo Afrika Mashariki ingekuwa nayo, kama ingekuwa na katikati iliyo imara.

Kenya ilikuwa nayo. Katikati ya miaka ya 1980 nchi ilizalisha takriban marobota 70,000 ya pamba kwa mwaka, na viwanda kama KICOMI cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret vilisokota na kufuma. Kulegezwa kwa soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, malipo ya wakulima yaliyocheleweshwa na ushindani wa nguo za nje viliuangusha mfumo wote kwa pamoja, kwa kuwa mkulima hapandi pasipo na kiwanda na kiwanda hakizunguki pasipo na mkulima. Rivatex ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya 2019. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini pamba ya pwani ikienda Eldoret na kurudi Mombasa ikiwa nguo, imesafiri zaidi ya kilomita 1,500.

Viwanda vya maeneo huru ya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, vya Changamwe na Mazeras, havikuijaza nafasi hiyo. Mpango wa AGOA, ulioanza mwaka 2000, uliiruhusu Kenya kushona nguo kwa kitambaa cha nchi ya tatu na bado kuziingiza Marekani bila ushuru. Makumi ya maelfu ya Wakenya walipata ajira, wengi wao wanawake vijana, na ajira hizo ni za kuheshimiwa. Lakini kitambaa kiliendelea kushuka bandari ya Kilindini kutoka Asia na suruali zikapanda meli nyingine, huku pamba ya Kenya ikiwa haina mahali pa kuingilia. Tulipata mikono ya kushona bila uzi wa kwetu.

Nchi inayoizunguka Mombasa

Kisiwa hakina shamba la pamba, lakini kimezungukwa na ardhi inayoikubali: Lamu, hasa upande wa Mpeketoni, Tana River, Kilifi hadi Magarini, Kwale na Taita Taveta. Huko Kwale chama cha ushirika cha PAVI, kwa maana ya Pamba na Viazi, kilikuzwa kwa msaada wa kampuni ya madini ya Base Titanium na mauzo kwa kampuni ya nguo ya Cotton On ya Australia. Uchimbaji wa madini Kwale ulifikia mwisho Desemba 2024. Pamba inaweza kubaki pale ambapo mgodi umeondoka, endapo wakulima watakuwa na mnunuzi zaidi ya mmoja.

Ardhi hiyohiyo ndiyo inayoinywesha Mombasa. Maji yetu yanatoka Mzima, Taita Taveta; Marere na Tiwi, Kwale; na Baricho, kando ya mto Sabaki, Kilifi. Mkaazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, anayefungua bomba anakunywa kutoka kaunti ambako pamba ya pwani inaweza kupanuliwa. Namna watakavyolima ni suala la afya yake, hata kama hajawahi kuliona ua la pamba. Mwarobaini, dawa ya kwanza ya mkulima hai, umejaa kila kijiji cha pwani. Kunde na choroko, mazao ya kupokezana na pamba ili kurudisha rutuba, ni chakula cha hapa.

Liko jambo la kuamuliwa mapema. Baraza la Mawaziri la Kenya liliidhinisha pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba, Desemba 2019, na upandaji wa kibiashara ukaanza 2020. Mbegu hiyo imetengenezwa kupambana na funza wa vitumba, na kuna wakulima waliopunguza dawa kwa kuitumia; sina sababu ya kuwabeza. Lakini kwa viwango vyote vya kilimo hai, Bt na pamba hai haziwezi kuchanganyika, shambani wala kinuni. Tanzania, ambayo haijaruhusu mbegu hizo mashambani, ina nafasi rahisi zaidi. Kenya haiwezi kupata zote mbili kila mahali. Inaweza kuzipata katika maeneo tofauti, na hilo linahitaji mtu wa kuchora mpaka: eneo hili ni la Bt, eneo lile ni la pamba hai, mbegu zake zitoke kwingine na kinu chake kiwe chake. Bila mpaka, uamuzi utafanywa na lori la kwanza litakalopita na mbegu.

Jumuiya ya Kaunti za Pwani, inayoziunganisha kaunti sita, ndiyo chombo kinachoweza kuuchora mpaka huo. Kaunti moja haitoshi, kwa kuwa pamba huvuka mipaka ya kaunti kila siku ya soko. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika 2022, inataka vikundi vya wakulima hai viwe vyombo vilivyosajiliwa kisheria visivyozidi wanachama 2,000. Anayetaka kuuza huko lazima aanze na ushirika uliosimama vizuri. Kwa soko la kwetu kuna kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao hai na alama ya Kilimohai, vilivyokubaliwa mwaka 2007, ambavyo mpaka leo tunavihusisha zaidi na mboga na matunda kuliko nguo.

Mtumba si adui

Wengine hudhani njia ni kupiga marufuku mitumba. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipanga kuiondoa polepole. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika 2017, Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikasimamishiwa nafuu za nguo chini ya AGOA mwaka 2018. Shati la pamba linalopata mvaaji wa pili katika soko la Kongowea limeokoa maji na ardhi, na mama anayeliuza analipa karo kwa faida yake. Tatizo ni lile lililo chini ya robota: nguo za poliesta zisizovalika, ambazo huishia jaani na haziozi. Mashine za kisasa zimeileta poliesta hata kwenye leso. Leso ya pamba humvika mwenyewe miaka, ikambeba mtoto mgongoni, ikawa kitambaa cha jikoni, kisha ikarudi udongoni. Leso ya poliesta haifyonzi jasho wala maji, na ikitupwa hubaki. Pamba, hai au isiyo hai, ina deni la kwanza la kushinda plastiki.

Pa kuanzia

Wanaoijadili pamba hai ya Kenya huanza na fulana ya kuuzwa Ulaya. Ningeanza na leso, tena na leso ya kuagizwa. Pwani nzima, vikundi vya kina mama, harusi, taasisi, benki na wanasiasa wakati wa kampeni huagiza leso zao wenyewe, kwa mamia au kwa maelfu, zikiwa na jina na rangi walizochagua. Kwa mnunuzi wa kawaida kitambaa kimeshaamuliwa. Kwa anayeagiza, kitambaa hakijaamuliwa bado. Hapo ndipo sharti la asili ya pamba linaweza kuandikwa kwenye mkataba, na hapo ndipo mzigo unakuwa mkubwa wa kutosha kumshawishi msokotaji kusafisha mitambo yake. Kwa hesabu ile ile, pea elfu kumi za leso zinahitaji tani nne na kidogo za pamba nyuzi. Vyama vitano vikiagiza pamoja, kiwanda kitasikiliza.

Pamba ya kuanzia si lazima isubiri shamba la Magarini liive. Kenya na Tanzania zimo katika umoja mmoja wa forodha tangu 2005, na pamba nyuzi hai ya Tanzania inaweza kusokotwa na kuchapwa ndani ya Afrika Mashariki huku wakulima wa pwani wakimaliza miaka yao ya mpito. Kaunti nazo ni wanunuzi wakubwa: mashuka ya hospitali, sare za wafanyakazi, mapazia ya ofisi. Tenda zinazotaja bei tu zitaendelea kuleta poliesta. Tenda zinazotaja asili ya nyuzi zitaleta pamba, na baada ya muda pamba hai.

Wafanyabiashara wa Barabara ya Biashara wana uwezo ambao hakuna waziri aliye nao. Wao ndio wanaoagiza, na wao ndio anaowaamini mnunuzi. Wakiweka rafu moja ya leso ambazo wanaweza kueleza zilikotoka, kuanzia ushirika wa wakulima hadi mchapaji, watakuwa wamefanya jambo ambalo sheria nyingi zimeshindwa kulifanya. Ulimwengu nao unaelekea huko: tangu Juni 2022 sheria ya Marekani inawadai waagizaji wathibitishe kwamba nguo zao hazina pamba ya kazi ya kulazimishwa kutoka Xinjiang, jimbo linalotoa takriban moja ya tano ya pamba ya dunia. Anayeweza kuonyesha asili atauza, na asiyeweza atafungiwa mlango.

Swali la pamba hii ni ya nani haliulizwi dukani kwa sababu mnunuzi anajua halina jibu. Tukianza kuliuliza pale tunapoagiza, kabla kitambaa hakijafumwa, jibu litatafutwa na kila aliye katikati, kwa kuwa biashara yake itategemea kulipata. Shilingi 11 kwa pea ni bei ndogo kwa mkulima asiyepumua sumu na kwa maji safi ya Baricho. Kazi iliyobaki ni ya viwanda, kaunti na wenye maduka, na kila mmoja wao anaweza kuianza kwenye mkataba wake unaofuata.